Nilivyokaa Bombay Bila Kufika

Jumatatu, 5 Machi 1951

Leo nimekuwa mtu aliyekaa Bombay. Sikukusudia hata kidogo. Kosa ni la Salumu.

Salumu ni seremala kama mimi, na kibanda chake kinatazamana na changu hapa Keko. Asubuhi Bi Tunu alipita na sinia lake la vitumbua kama kawaida. Huyu ni mjane wa Temeke, mpole, mwenye kicheko cha kujizuia, na mimi nimempenda tangu maulidi ya mwaka juzi. Salumu naye anadai kampenda tangu maulidi hayo hayo. Mwongo!

Basi Salumu akaanza kujigamba kwamba aliwahi kusafiri kwa meli mpaka Mombasa. Mombasa! Tunu akasema Mombasa si mbali. Marehemu kaka yake Marijani alikuwa baharia, akifika Bombay kabisa. Hapo ulimi wangu ukaondoka wenyewe. Nikasema, Bombay? Mbona mimi nimekaa Bombay miaka miwili, nikiunda milango.

Randa ya Salumu ilisimama katikati ya ubao. Tunu akatua sinia. Alinitazama kwa namna ambayo hajapata kunitazama, hata siku ile nilipompelekea stuli niliyomtengenezea kwa mikono yangu. (Ilimwangusha.)

Akaeleza. Marijani alishikwa na homa huko huko Bombay, akafa, akazikwa. Habari ilimfikia kwa mdomo tu. Tangu hapo anatafuta mtu wa kumwambia ule mji ukoje na watu wake wakoje, maana akimwombea kaka yake dua hajui hata amfikirie yuko mahali gani. Ameniomba niende kwake Ijumaa baada ya sala, nimweleze yeye na majirani. Nikasema bila shaka.

Safari zangu za kweli: kusini nimefika Mbagala. Kaskazini, Mwananyamala. Huko nilipotea.

Jumanne, 6 Machi

Nimepata hila. Karsan, Mhindi anayetuuzia misumari na gundi, alikulia Bombay. Nitamchota maneno bila yeye kujua.

Nimekwenda dukani, nikanunua skrubu nisizozihitaji, nikasema kwa unyonge kwamba Bombay nasikia ni mji mdogo. Karsan aliacha kuhesabu skrubu. Akafumba macho. Hakuyafumbua mpaka adhuhuri.

Anasema Bombay zamani haikuwa nchi moja. Vilikuwa visiwa saba, na watu wakamwaga mawe na udongo baharini mpaka vikashikana vikawa mji mmoja. Nimeduwaa. Sisi hapa Keko tumeshindwa kufukia dimbwi lililo mbele ya duka lake.

Anasema kuna bwawa la maji matamu hatua chache tu kutoka baharini, na watu huyanywa. Anasema adhuhuri chakula cha wenye kazi hutoka nyumbani kwao, kimepikwa na wake zao, kikachukuliwa na watu wanaokibeba kichwani na kwenye treni, kikapita mkono kwa mkono, na kila sufuria ikafika kwa mwenyewe ingali na joto. Wengi wa wachukuaji hawajui kusoma. Wanafuata alama za rangi kwenye kifuniko. Yaani mji mzima unakula, na mchuzi wa mtu haupotei! Mimi juzi nilimtuma mtu aniletee ugali kutoka ng'ambo ya barabara. Mpaka leo.

Jumatano, 7 Machi

Nimerudi kwa Karsan. Nimenunua gundi.

Leo ndiyo ameniua. Anasema katikati ya mji, penye maduka na msongamano, kuna nyumba kubwa ya kutunzia ng'ombe wazee. Hawachinjwi. Hawakamuliwi. Wanakula tu na kupumzika, na ndege wagonjwa wanapelekwa humo humo. Nikamwuliza ng'ombe hao wanafanya kazi gani. Akasema wanazeeka.

Halafu akasema nje kidogo ya mji kuna mlima wa jiwe uliochongwa vyumba zaidi ya mia. Zamani sana, wacha Mungu waliingia na patasi wakaukata kwa ndani: nguzo, ngazi, ukumbi, vitanda, hata visima vya kukinga mvua, vyote jiwe lile lile. Hakuna kiungo. Hakuna msumari. Hakuna gundi! Mimi nimehangaika na viungo tangu ujana wangu, na viti vyangu vyote vinacheza. Kumbe dawa ni kutounganisha.

Nikarudi mbio kibandani, nikachukua gogo zima la mninga, nikaanza kuchonga kiti cha jiwe moja, yaani cha gogo moja. Nilitoka jasho kwa furaha. Saa kumi gogo likapasuka kati kwa mlio ambao Salumu aliusikia. Alikuja kunipa pole, na pole yake haikuisha mpaka jioni.

Karibu nisahau. Nilipokuwa naondoka dukani Karsan alisema pia huko Bombay kuna watu weusi kama sisi, wana mtaa wao na ngoma zao. Sikukaa kumsikiliza. Kichwa kilikuwa kimejaa jiwe.

Alhamisi, 8 Machi

Nimewaza sana nikipiga msasa. Nimegundua jambo. Karsan ananichezea!

Nyumba ya ng'ombe wastaafu? Mlima wenye vitanda? Mchuzi unaopanda treni? Ni kisasi, maana mwaka jana nilimtengenezea meza ya duka, na mpaka leo kitu cha mviringo hakikai juu yake. Anataka niyaseme hayo mbele ya Tunu, watu wanicheke nife.

Mimi si mjinga. Nimefuta yote ya Karsan. Nitasema mambo yanayoingia akilini: tembo wa polisi wanaoongoza magari njia panda, nyumba zenye ngazi za fedha, na embe moja la kulisha familia. Mambo ya kawaida ya mji mkubwa.

Ijumaa, 9 Machi

Nilianza kwa ushindi.

Ua wa Tunu ulijaa. Wazee mbele, akina mama kwenye mikeka, Salumu nyuma kabisa kanuna. Nikawapa tembo wa polisi. Wakashangaa. Nikawapa ngazi za fedha. Mama mmoja akasema subhanallah. Nikaongeza tembo mkuu mwenye cheo cha sajini, na hata mimi mwenyewe nikamwamini.

Ndipo Salumu akanyanyua kidole. Akasema kasikia dukani kwa Karsan kuwa Bombay kuna nyumba ya kutunzia ng'ombe wazee. Nikacheka kicheko kirefu cha msafiri. Nikasema nimeitembea Bombay yote, hakuna kitu hicho, na mwenye kusema hivyo anawadharau wasikilizaji. Ua mzima ukamcheka Salumu. Ilikuwa saa tamu kuliko zote za maisha yangu. Ilikuwa fupi.

Tunu hakuwa amecheka. Aliuliza taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa, kwamba je, huko kuna watu kama sisi?

Nilikumbuka maneno ya Karsan. Nikasema moyoni, huu ndio mtego wenyewe. Tena nikaona nikiwa peke yangu nitang'aa zaidi. Nikajibu kuwa hakuna. Katika Bombay nzima mtu mweusi alikuwa mimi tu, watoto wakinifuata barabarani.

Tunu akajifunika uso kwa kanga yake, akainuka, akaingia ndani. Nilidhani kazidiwa na sifa zangu. Bi Chausiku, jirani yake, akanivuta kando kwa mkono usio na huruma. Akaniuliza kama sina akili. Kitu ambacho Tunu anakililia siku zote ni kimoja: nani alimwosha kaka yake, nani alimswalia, nani alimbeba. Na mimi nimekuja na tembo zangu kumwambia hapakuwa na mtu.

Nimerudi Keko kwa miguu. Nimejisikia vibaya, vibaya kweli.

Jumapili, 11 Machi

Siku ya pili Tunu hajaleta vitumbua. Keko nzima ina njaa na inajua ni kwa sababu ya nani.

Nimetumia hila mpya. Nimemtuma Bi Chausiku amwambie Tunu kuwa nimekumbuka vizuri, alikuwapo mtu mweusi mwingine, mmoja, mcha Mungu sana. Jibu limekuja kabla ya alasiri. Tunu anauliza mtu mmoja anabebaje jeneza.

Sikuweza kula, wala hapakuwa na cha kula.

Jumatatu, 12 Machi

Leo nimeona aibu na nimeona ajabu, na ajabu imekuwa kubwa kuliko aibu.

Salumu, mtu wa chini ya maji, alishinda bandarini jana akitafuta. Leo kamleta kwa Tunu baharia wa kweli, Sadallah, mzaliwa wa Kinondoni, mchochezi wa makaa kwenye meli ya Bombay. Mikono ina makovu ya moto. Nilikwenda nami. Nilijiambia naenda kumtega kwa maswali.

Mtu wenyewe ni mkavu, anaongea kama anayelipia maneno. Visiwa saba? Ndiyo. Maji matamu kando ya bahari? Amekunywa. Chakula kwenye treni? Kila siku. Mlima wa vyumba? Amelala kwenye kitanda cha jiwe mchana mmoja wa likizo, kina ubaridi mzuri. Ng'ombe wazee? Aliwapelekea majani mwenyewe, wanapenda kukunwa shingo. Kila neno lilinipiga. Yote kweli! Nilishika dhahabu mkononi nikaitupa, nikaenda kuokota tembo.

Akauliza kwa upole ni nani aliyesema habari za tembo wa polisi. Salumu hakunitaja. Alinielekezea kidevu.

Ndipo Tunu akauliza lile swali lake. Sadallah akakaa sawa. Akasema wapo. Wanaitwa Masidi. Wazee wao walitoka pwani hii ya Afrika zamani za zamani, na wengi ni wachochezi wa meli kama yeye. Wana mtaa wao huko Bombay, wana kaburi la walii wao wanalolizuru, na wanapiga ngoma ambayo ukiisikia mwili wako unaijua. Lugha ya kwetu wameipoteza, lakini ile ngoma bado wanaiita goma. Sadallah hakumjua Marijani. Lakini amewahi kuona baharia wa kwetu akifia huko. Masidi walikwenda wenyewe kumchukua hospitali, wakamwosha, wakamswalia. Jeneza halikukaa bega moja hatua kumi, kila mtu alitaka zamu yake.

Tunu alilia, na kilio hiki hakikujifunika. Alimtaka Sadallah arudie habari ya mabega. Akairudia. Akamtaka tena.

Nami nililia. Bombay! Watu wamevuka bahari wakasahau kila kitu, hawakusahau ngoma wala kumbeba mgeni. Sijawahi kusikia kitu kikubwa namna hii, na nilikuwa nacho tangu Jumatano.

Jumatano, 14 Machi

Vitumbua vimerudi. Keko imepona.

Nimekwenda kumwomba radhi Karsan. Amenisamehe kwa sharti la kutengeneza upya meza yake. Nimeitengeneza. Sasa inaelekea upande wa pili.

Tunu kanipa kitumbua kilichovunjika. Nimekihesabu ni dalili njema. Kasema kanisamehe, maana bila uongo wangu Salumu asingekwenda bandarini. Kisha akaniambia jambo la kunitetemesha. Baba yake mdogo atashuka kutoka Goba Jumamosi, maana amesikia mafundi wawili wa Keko wanamtaka mtoto wao. Yeye ndiye mwenye neno. Tunu mwenyewe hana ubaya nami, ila ana sharti: kuanzia leo niseme yale tu niliyoyaona kwa macho yangu.

Nimeapa nikiwa nimeshika randa. Si jambo gumu. Nimebadilika. Najisikia mtu mpya kabisa.

Jumamosi, 17 Machi

Bahati imenifuata mpaka kibandani!

Asubuhi alifika mzee na kikapu cha machungwa, miguu imejaa tope la njiani, akaomba maji. Shikamoo, marahaba. Nilimkalisha kwenye stuli, nikaukanyaga mguu mmoja wa stuli hiyo ili usicheze. Akasema anatoka Goba, anakwenda Temeke kwa shauri la mtoto wa marehemu kaka yake. Nilimtambua papo hapo! Nikaona Mungu kanitanguliza mbele ya Salumu.

Mzee akauliza, kwa maongezi tu, kama hapa Keko wapo mafundi waliotembea dunia. Salumu alidakia kutoka ng'ambo kwamba yeye kafika Mombasa na si zaidi. Maskini Salumu, hajui kujiuza.

Mimi Bombay sikuitaja. Sikuitaja hata kidogo! Kiapo ni kiapo. Nilimweleza habari za Rangoon, mji ulio mbele zaidi ya Bombay. Nilifumba macho kwanza, nikaiona yote waziwazi, kwa hiyo ni mambo niliyoyaona. Nilimpa mto wa asali, mnara unaozunguka kufuata jua, na tembo mmoja tu, wa posta.

Mzee hakupepesa jicho. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza nilikaa huko miaka mingapi, nikamwambia mitatu. Akaniuliza jina langu, akalirudia polepole, Mwinshehe, kama mtu asiyetaka kulisahau. Akamwachia Salumu chungwa, sijui kwa nini, akaenda zake. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona ya kwenda kwa Tunu.

Sasa hivi wapo pamoja, na bila shaka wananizungumza mimi. Nimechukua mbao zangu bora za mninga, nimeanza kuunda kitanda. Kipana, cha watu wawili. Mguu mmoja unacheza kidogo, nitauwekea kipande cha ubao.