Mmeiga Kikao cha Nyumbani Kwetu

Mheshimiwa Katibu wa Baraza la Mataifa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kusikitishwa kila siku.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Nina aibu sana. Nyumbani naongea kwa lugha moja, shuleni nanyamaza kwa lugha mbili. Juzi mwalimu wa uraia alitufundisha jinsi Baraza lako linavyofanya kazi. Nilitaka kunyoosha mkono niseme huo ni wizi, mkono ukakataa. Ndiyo maana naandika. Kwa heshima zote, mmeiga nyumba yetu bila ruhusa, na ushahidi ninao.

1. Mpaka. Kwetu kuna meza moja ya kusomea. Kaka yangu, fundi simu, aliomba pembe moja tu aweke bisibisi zake. Tukachora mstari wa chaki. Kila asubuhi naukuta mstari umesogea upana wa kidole, na kila asubuhi kaka ananiambia, "Dogo, mimi najilinda tu." Anajilinda dhidi ya atlasi yangu. Sasa nasomea sakafuni, na mtihani wa taifa umebakiza wiki tatu. Mjomba ameshatangaza kwamba nikifeli, shule basi.

2. Kura ya kupinga. Kikao cha familia kina watu saba, lakini mjomba akisema hapana, kikao kimekwisha. Alipewa haki hiyo mwaka aliotuletea friji. Friji lilikufa kabla sijaanza darasa la kwanza. Haki bado inagandisha vizuri. Tulipopigia kura suala la meza, watano tulinyoosha mikono, kaka akatazama dari, mjomba akakohoa, akasema, "Hapana, wanangu, tuendelee na mazungumzo." Ndiye huyo huyo anayemletea kaka simu mbovu za kutengeneza. Ndiye pia mwenyekiti wa usuluhishi.

3. Kusikitishwa. Mama ni muuguzi. Kabla ya kwenda zamu alitamka kwamba amesikitishwa. Aliporudi akasema amesikitishwa sana. Jumapili alifika kwenye "sana sana", na kaka akaongeza mashine ya kulehemu. Baba akaona bora atume mwangalizi, akamtuma bibi. Bibi aliketi, akaangalia, akasinzia, kisha akaripoti kwamba pande zote mbili zijizuie. Mimi nilikuwa nimejizuia hadi chini ya meza.

4. Sheria. Siku moja nilisogeza simu moja, moja tu, nipate pa kuweka daftari. Chai haijapoa, nikawa nimeshtakiwa, nimehukumiwa na kupewa vyombo vya kuosha wiki mbili. Ndipo nilipojua kwamba sheria ipo na ina mbio. Ila huwakimbiza wafupi tu. Wahenga walisema tembo wakipigana nyasi huumia. Kwetu hawapigani, Mheshimiwa. Wamekaa tu.

Ombi langu ni dogo. Ama mturudishie utaratibu wetu, ama muufanye ufanye kazi. Mkishindwa, leteni askari wawili wenye kofia za buluu, wasimame kati ya mashine ya kulehemu na kitabu cha fizikia. Wasije na maazimio. Karatasi tunazo, tunakosa pa kuziweka. Mdogo wangu wa darasa la tano, mwenzangu wa sakafuni, ameunga mkono kila neno hapo juu, na tumeapa pamoja kwamba meza ni ya wote.

Nisalimie wajumbe, wa kudumu na wa kupita, wakalimani vibandani mwao, na yule anayewafutia meza yenu kubwa mkishaondoka bila kuamua.

Ni mimi, kwa unyenyekevu wa mtu aliye chini kweli,

Mwanafunzi wa Sakafuni

Nyongeza: Barua hii ikiwa bado inangoja stempu, kaka amepata kibanda sokoni, amehama na vifaa vyake vyote. Meza nimeichukua mimi. Mdogo wangu ameomba pembe moja tu aweke daftari la hesabu. Nimemjibu kwamba nimesikitishwa. Akaenda kulia kwa bibi, kikao kikaitwa, mjomba akapinga kwa niaba yangu. Siku hizi mashati ya mjomba nayapiga pasi mimi. Kwa hiyo naomba malalamiko yote yafutwe. Nimeusoma upya utaratibu wenu, safari hii nikiwa kitini, na kwa kweli sioni kasoro.