Mota Niliyoshuhudia Ikivunjwa

Jumatatu, 6 Juni 1955

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi: lisome kimya, ulifunge, usahau. Neno moja likitoka, sina kazi, na mama kule Bukoba hana mwingine wa kumtegemea.

Nimedanganya gavamenti. Mashine ya Bwana Mkubwa ya kufyonza vumbi ilipasuka mpira wake wa kunyonyea. Akaamuru ivunjwe, mimi na karani mwenzangu Theonest tushuhudie. Theonest akatia sahihi, akaenda kunywa chai. Nami nikatia: imevunjwa vipande mbele yetu. Haikuvunjwa! Mota yake imefika chumbani kwangu Kipawa ndani ya kikapu changu, chini ya mchicha.

Itazungusha santuri. Santuri itajisugua kwenye sufu. Umeme utajaa katika chupa niliyoivika karatasi za fedha za sigara. Kisha cheche, ndefu kama kidole! Theonest, anayeniringia redio yake kila siku, atanyamaza.

Jumatano, 8 Juni

Nimewasha. Mungu wangu, inavyolia! Mwenye nyumba, Bwana Nazarali, ambaye duka lake liko mbele ya chumba changu, akagonga ukuta kuuliza nafuga nini. Nikasema ni ndege inapita. Akatoka, akatazama juu. Akarudi kuniambia mbingu ni tupu, Bwana Karani, labda imepita chini ya kitanda.

Shauri jipya: nitawasha ndege ya saa kumi na moja ikipaa tu. Uwanja uko karibu.

Ijumaa, 10 Juni

Nimekwisha! Mpira mpya umefika kutoka Uingereza. Kumbe mkewe Bwana Mkubwa aliuagiza zamani. Bwana Mkubwa akauliza mashine iko wapi. Theonest akajibu upesi kwamba aliiona ikivunjwa kwa macho yake mawili. Vizuri, akasema Bwana Mkubwa. Jumatatu anataka kuviona vipande.

Nje Theonest akanishika tai. Akauliza kama kweli niliivunja. Nikasema ndiyo. Akasema mbona hata masikio yangu yanatoka jasho.

Lazima niivunje. Lakini kwanza cheche moja. Moja tu.

Jumamosi, 11 Juni

Ndege ikanguruma. Nikawasha. Cheche! Ya buluu, ikalia kama mjeledi. Ndege ikaenda zake. Nikabonyeza swichi. Haizimi!

Mlango ukafunguka. Nazarali, na nyuma yake Theonest, amekuja kunipeleleza. Theonest akaitambua mota. Akaniita mwizi, mtoto wa shetani, akainyakua chupa. Chupa ikamjibu kwa umeme wake wote. Akaangukia gunia la mchele, miguu juu. Santuri ikapasuka. Mota ikatoa moshi, ikapiga yowe, ikasambaratika.

Nazarali akauliza kama ndege imetua.

Theonest akajizoa, akaviokota vipande. Akasema, haya basi, imevunjwa mbele yetu.

Jumatatu, 13 Juni

Bwana Mkubwa kaviona vipande, katusifu kwa uaminifu. Nimeapa: mali ya gavamenti sitaigusa tena.

Saa nane akaamuru pangaboi bovu la ofisini kwake livunjwe. Mimi na Theonest tushuhudie. Kikapu nilikuwa nacho. Safari hii mchicha kanunua Theonest.

Ukitaka kuona, njoo Kipawa, mlango wa nyuma wa duka la Nazarali. Jina langu usiulize. Ngoja ndege ya saa kumi na moja ingurume, ndipo ugonge mara tatu. Uje na santuri. Yoyote.