Asilimia Sitini za Mke Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimemchukia daktari mwenye adabu zake. Alituonyesha picha: jiwe ndani ya figo ya mke wangu, limejitanua kama tangawizi. Akasema hatampasua ubavu. Atatoboa tundu dogo mgongoni, aingize mrija, alivunje jiwe na kutoa vipande. Nikashusha pumzi. Nikauliza, litatoka lote kwa mkupuo mmoja? Akasema kwa ukubwa ule, na matawi yale, uwezekano ni asilimia sitini.

Sitini! Mimi nauza magodoro. Nikimwambia mteja godoro hili lina asilimia sitini za kutobonyea, si atanibonyeza mimi?

Mke wangu akamshukuru, akauliza atarudi lini kwenye cherehani yake. Shemeji, kaka yake, mwalimu wa hesabu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeipata hiyo sitini nyumbani kwake tangu jana. Simpendi akitikisa kichwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimedodosa. Muuguzi anasema wanaangalia mengi: ukubwa wa jiwe, mahali lilipokaa, ugumu wake, hata umbali kutoka kwenye ngozi hadi kwenye jiwe. Umbali! Hilo naliweza. Mke wangu akipungua kidogo, jiwe litasogea karibu na daktari. Mchana nikampakulia nusu sahani. Akanitazama. Nikamweleza sayansi. Akachukua na sahani yangu.

Jioni, alipojilaza ubavu, nikamwekea futi ya dukani mgongoni, taratibu. Akanirushia kandambili bila kugeuka. Imenipata sikioni. Mgonjwa ana shabaha!

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya, safi kabisa. Nimechukua picha kimyakimya, nikaziba jina kwa plasta, nikaenda kwa daktari mwingine ng'ambo ya mji. Ningesema ni za mke wangu, angeuliza yuko wapi. Nikasema ni zangu. Nikajikunja kidogo, nikaguna.

Daktari, mama wa makamo, akazitazama picha kwa makini. Akanitazama mimi. Akanipa hongera: kizazi changu hakina tatizo lolote.

Nikakiri. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa mpole, akanieleza yote upya, polepole, kama vile ni mimi mgonjwa. Na makadirio yake? Hamsini na tano.

Nimevuka mji mzima kwenda kupoteza tano!

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemdanganya mke wangu. Nimemwambia daktari amehesabu upya, sasa ni tisini. Akasema haya, vizuri. Tukakaa mezani. Nikala sahani mbili. Tangu tuambiwe habari za jiwe sijala hivyo. Nikalala fofofo.

Jumapili, 10 Agosti

Shemeji amekuja na mdomo wake. Nikaitaja tisini, kwa maringo kidogo. Akauliza imetoka wapi, kwani jiwe limepungua? Akataka nimwonyeshe hesabu. Nikajiumauma. Nikasema mambo ya hospitali hayafundishwi ubaoni. Akasema asilimia inafundishwa.

Mke wangu alikuwa anashona kifungo. Hakuinua macho. Akasema anajua ni sitini, alikuwepo, na masikio yake hayana mawe.

Nikamwuliza, "Sasa mbona hukunikatalia?"

"Ulikuwa umeanza kula," akasema.

Nikatoka nje kuangalia kama geti limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Nikaliangalia sana.

Jumanne, 12 Agosti

Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Alinikabidhi hereni zake, akaniagiza nisigombane na kaka yake. Sikugombana. Shemeji alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi, mtulivu, kama yuko kituo cha basi. Nikachungulia. Ametia tiki mahali palipoandikwa saba mara nane ni hamsini na nne! Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka kalamu chini.

Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo kama maharusi, wauguzi wakitupita.

Hatimaye daktari akatoka. Figo iko salama. Damu haikutoka nyingi. Jiwe limetoka, isipokuwa kipande kidogo kimejibanza pembeni; huenda kikatoka chenyewe akinywa maji ya kutosha, huenda wakamrudia. Nikamwuliza, sasa hiyo tuiite sitini au arobaini? Akasema tuiite mke wako ameamka, na anakuulizia.

Nilisahau kumwuliza zaidi. Nilikimbia. Shemeji alinipita kwenye kona.

Ijumaa, 15 Agosti

Yuko nyumbani. Anatembea kwa kujishika, lakini anagomba vizuri, dalili njema. Ameniapisha kwamba sitamwuliza tena daktari yeyote habari za asilimia, maisha yangu yote. Nimeapa, shemeji akiwa shahidi. Kiapo ni kiapo. Mimi mtu wa neno langu.

Mchana mama mkwe akapiga simu. Wiki ijayo anatolewa mtoto wa jicho. Daktari wake amemwambia uwezekano wa kuona vizuri ni asilimia tisini na tano, na masikini mama hapati usingizi kwa ajili ya hizo tano.

Sikumwuliza daktari yeyote kitu chochote. Nimemwambia tu mama kwamba nimeshaongea na huyo wake, na ni mia moja. Amefurahi, mpaka ameniita mwanangu.

Kesho nadamka mapema kumtafuta huyo daktari wa macho, kabla hajaonana na mama na kuharibu kila kitu.