Mizani Inamtaja Josephat

Jumatatu, 5 Juni 1995
Bwana Hasham, mwenye kiwanda, katangaza leo: baada ya majaribio ya mizani ya kompyuta, mmoja wetu, mimi Maige au Josephat, atakuwa mkuu wa chumba cha kompyuta. Yaani ufunguo. Yaani kiyoyozi! Kiwanda kizima cha samaki kina kimoja tu. Josephat kacheka tu. Hajui anashindana na nani.

Programu ya mizani tumeandika wote wawili, kila mtu na faili lake. Lakini kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, ni yangu peke yangu. Kila amri inabeba lebo: imetoka faili la nani, mstari wa ngapi. Mizani ikikwama, lebo inatokea kwenye skrini. Shida ni moja. Kompaila ikipanga upya amri ili ziende haraka, nyingine inazihamisha, nyingine inaziunganisha, na lebo zinapotea. Nimehangaika na amri hizo yatima tangu asubuhi. Kisha wazo! Zote nimezibandika lebo ya Josephat, mstari wa tatu.

Jumanne, 6 Juni
Imekubali! Mizani ikakwama, Wilhelmina wa mapokezi ya samaki akapaza sauti kwamba skrini inasema Josephat, mstari wa tatu. Josephat akafungua faili lake. Mstari wa tatu una jina lake na tarehe, basi. Akauliza jina linawezaje kukwamisha mizani. Nikamwambia inategemea jina. Nikamgawia nusu ya chapati yangu, maana nina huruma.

Jumatano, 7 Juni
Balaa. Mizani imegoma kabisa. Lori la sangara kutoka Kigongo linasubiri, barafu inayeyuka, maji yanatiririka hadi getini. Bwana Hasham kasema samaki hao wakioza tuondoke wote wawili. Skrini: Josephat, mstari wa tatu. Nikaingia kwenye faili la Josephat kwa hasira. Nimelisoma juu chini, chini juu. Safi kabisa, linaudhi! Jioni ndipo nikakumbuka kwamba lebo ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Kosa lilikuwa kwenye faili langu: kreti ikiwa tupu, programu inagawanya kwa sifuri. Nimerekebisha harakaharaka, kimya kimya. Wilhelmina kauliza kosa lilikuwa la nani. Nimemwambia tusilaumiane.

Alhamisi, 8 Juni
Bwana Hasham kaja mwenyewe. Shikamoo mzee, marahaba. Akataka kuona nani kafanya nini. Nikaweka sangara mmoja mnene, nikaendesha mizani polepole, amri moja moja, lebo zikipita kwenye skrini. Josephat. Josephat. Maige. Josephat. Josephat. Mzee akavua miwani. Akauliza, kumbe kijana huyu kafanya kazi yote peke yake, na mimi nilikuwa wapi? Nikamkumbusha yale makosa ya Josephat. Akasema maskini kachoka, aletewe soda. Josephat akaapa kwamba sehemu kubwa si yake. Mzee akamsifu kwa unyenyekevu, akamkabidhi ufunguo. Inauma! Inauma sana.

Ijumaa, 9 Juni
Josephat katoka kwenye baridi yake kuniomba, kwa heshima kabisa, nirekebishe kompaila: amri isiyojulikana ilikotoka ibaki bila jina. Nikaitikia ndiyo, mkuu. Bila jina! Jasho langu lote lipotee bure? Nimekwisha kubadilisha. Kila amri, yatima na isiyo yatima, sasa ni ya Maige.

Wilhelmina kaja mbio akihema. Kasema tangu Jumatano mizani inapunguza kilo za kila kreti, wavuvi wamegundua, wana hasira, na Jumatatu wanakuja kuangalia skrini wenyewe wamjue aliyewafanyia hivyo. Hayo ya kilo sikuyajali, ila hapo kwenye kuangalia skrini nilitega sikio. Hatimaye! Nimetoa tai yangu sandukuni, ile nyekundu, ili wanione tangu getini.