Mtazamaji Mwaminifu wa "Mifereji Yetu"

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Nimeitwa na Mama Mkuu, mkuu wa kitengo chetu cha video za mtandaoni katika shirika la utangazaji la umma. Nilibisha mlango mara tatu, nikaomba radhi kwa kubisha. Amesema muda wetu wa majaribio, mimi na karani mwenzangu, ninayemwita Tai Nyekundu kwa ile asiyoivua shingoni, unaisha Ijumaa. Nafasi ni moja. Atakayethibitishwa kazini ni yule ambaye vipindi alivyokabidhiwa vinatazamwa.

Tai Nyekundu amekabidhiwa katuni. Mimi nimekabidhiwa "Mifereji Yetu". Sehemu thelathini na sita! Mhandisi mstaafu anasimama kando ya mtaro na kueleza maji yanakwenda wapi. Polepole. Watazamaji wa wiki nzima: wawili. Mmoja ni mimi, nikikagua kama picha inaonekana. Wa pili, sina shaka, ni mhandisi mwenyewe.

Kwenye ngazi Tai Nyekundu akaniuliza kama nimeshaanza kufungasha. Nikacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mpango! Umenijia nikipiga mswaki. Shangazi, ninayeishi kwake, ni fundi cherehani, na kutwa yuko nyumbani. Nimemwomba awashe "Mifereji Yetu" asubuhi na kuiacha. Sehemu moja ikiisha, nyingine inajileta. Ikiuliza kama bado anatazama, abonyeze Ndiyo.

Shangazi akauliza kama ni halali. Nikamweleza kuwa hii ni huduma ya umma, naye ni umma. Akafikiri kidogo. "Haya, mwanangu. Lakini mgeni akija nimwambie nina nini?"

Jumatano, tarehe 6 Mei

Ushindi! Sehemu ishirini na tisa kwa siku moja, zote mpaka mwisho. Hata tamthilia yetu inayopendwa watu huikimbia majina yakianza kupita. Hapa wamesubiri mpaka jina la aliyeshika taa. Mama Mkuu alivua miwani, akaivaa tena. Mimi nikajifanya nimeshangaa. Nikazidisha: kalamu ikatumbukia kwenye chai yake.

Tai Nyekundu akauliza kama watu hao hawana kazi. Nikamjibu kuwa mazoea ya watazamaji yanabadilika. Nilijisikia msomi kweli.

Halafu balaa. Mama Mkuu ameona kuwa hizo zote ni za mtu mmoja. Nilidhani nimekwisha. Kumbe amefurahi! Anataka kumpa cheti Ijumaa, mbele ya kamera, mhandisi akiwepo. Kazi ya kumtafuta mtazamaji huyo nimepewa mimi. Nimesema nitajaribu.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Nimemsihi Shangazi augue kesho. Kakataa katakata. Ameshakata kitambaa cha zambarau, na mkono mmoja wa gauni la kupokelea cheti umeshashonwa.

Basi nikamwandikia majibu kwenye kadi. Akiulizwa ni sehemu gani iliyomgusa, aseme ya kumi na saba, ile ya mitaro miwili inapokutana. Akaniuliza kama humo ndani mna watu. Ndipo nikatazama: televisheni imetundikiwa magauni ya wateja kutoka pembe hadi pembe. Hajaona hata picha moja! Anasikia sauti tu.

Mwisho nikamwomba, kwa heshima zote, asiseme kuwa tunafahamiana. Akaweka mkasi chini. "Yaani unanikana, mimi niliyekuogesha?"

Sikula.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Mhandisi alikuja na suti, kitambaa cha kujifutia machozi tayari mkononi. Alisema kwa miaka mitatu alihisi anauhutubia mtaro peke yake. Akamuuliza Shangazi ni sehemu gani iliyomgusa.

Nikiwa nyuma ya kamera nikainua kadi juu. Shangazi alikuwa amesahau miwani nyumbani.

"Baba, nisikudanganye," akasema. "Sura yako naiona leo. Kijana wangu yule pale, mwenye karatasi, ndiye aliyeniomba niwashe. Lakini sauti yako, jamani! Ukifika tu kwenye mteremko wa maji, mimi chali. Mgongo huu ulininyima usingizi wa mchana mwaka mzima. Sasa nalala mpaka wateja wananigongea dirisha."

Sijawahi kuona meno ya Tai Nyekundu yote kwa pamoja. Leo nimeyaona.

Mhandisi alisimama kama nguzo. Kisha akacheka mpaka kile kitambaa kikapata kazi. Akasema mkewe humwambia hivyo hivyo miaka arobaini sasa, ila alidhani ni lawama.

Hapo hapo Tai Nyekundu akanyoosha mkono, akapendekeza "Mifereji Yetu" ihamishiwe kwenye vipindi vya mapumziko. Makofi. Amethibitishwa akiwa amesimama!

Mimi niliitwa ofisini. Mama Mkuu alikuwa ameshashika kalamu ya kunifukuzia. Shangazi akaingia bila kubisha, akamwuliza: mkimrudisha huyu ashinde kwangu kutwa na mipango yake, mimi nitalala saa ngapi? Mama Mkuu alimtazama, akanitazama, akamhurumia. Nimepewa onyo kwa maandishi na miezi mitatu mingine ya majaribio.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

"Mifereji Yetu" sasa ni ya tatu kwa kutazamwa. Watu wanalala kwa maelfu. Tai Nyekundu amepewa kiti kinachozunguka, na anazunguka.

Mimi nimekabidhiwa "Tusome Ramani". Sehemu arobaini na nane. Watazamaji: hakuna. Nasikia hata mtangazaji wake hajaitazama.

Siku mbili hizi nimejichunguza bila kujionea huruma. Nilikosea wapi? Jibu ni wazi, na nimeona aibu kwa usomi wangu: nilitumia shangazi mmoja. Utafiti gani duniani unategemea mtu mmoja? Ninao wengine watatu, mama wadogo wawili, na mke wa mjomba mwenye simu mbili. Wote nimeshawapigia. Zamu nimezipanga kwa rangi, nakala nne.

Safari hii hakuna kinachoweza kuharibika. Msimamizi wao nimemweka Shangazi.