Kumbikumbi Hawahitaji Mvua

Jumanne, 9 Aprili

Zimebaki siku kumi na moja kabla ya mtihani wa Kiingereza. Mara ya tatu. Safari hii sianguki, na anayetaka kucheka acheke sasa.

Mambo yenyewe ni haya. Nyumba ya kutunza wazee huko Uskoti imenikubali kazi. Wanachongoja ni alama sita kati ya tisa za kuandika, basi. Nisipozipata kufikia tarehe sita Mei, nafasi inakwenda kwa mtu wa akiba. Mtu wa akiba ni Adeke, nesi, jirani yangu ukuta kwa ukuta hapa Busia, upande wa Uganda. Na mimi kijijini kwetu Masaba nilishaagwa tangu Februari! Mbuzi alichinjwa, mchungaji akaomba, mama akalia. Sasa hata mazishini siwezi kwenda. Wataniuliza nimerudi lini.

Kinachoniangusha ni swali la kwanza la kuandika. Unapewa mchoro wenye mishale, labda safari ya maji kutoka ziwani hadi mawinguni, uueleze kwa maneno mia na hamsini ndani ya dakika ishirini. Mtu mzima na ndevu zangu, naulizwa mvua inatoka wapi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mambo safi. Nasifu wa fotokopi, pale karibu na geti la mpaka, amenipa siri. Mchoro utakaokuja ni maisha ya kipepeo. Nikamuuliza amejuaje. Akainama, akaninong'oneza, "Hii kitu imetoka upande ya Kenya. Mimi nakwambia, itakuja."

Kama imetoka upande wa pili, ni ya kuaminika. Amenipa na jibu lake, limeshaandikwa, maneno mia na sitini na mbili.

Jioni nimemkuta Adeke uani na daftari, anaeleza mchoro wa chura. Mayai yanatagwa, mkia unapotea, miguu inaota. Jana alikuwa na mchoro wa mto. Kila siku mchoro mwingine, maskini. Akaniambia kanuni ni moja tu: andika unachokiona, usiongeze la kwako. Nikamshukuru kwa adabu. Mtu wa akiba naye lazima apate la kusema.

Jumapili, 14 Aprili

Kipepeo amekaa kichwani, hatoki. Leo kanisani mchungaji aliuliza nani yuko tayari kubadilika. Nikasikia sauti yangu ikijibu kwamba kiwavi huwa tayari baada ya wiki mbili. Watu wakasema amina.

Adeke aliniuliza njiani: je, ukija mchoro mwingine? Nikamwambia mdudu ni mdudu. Nabadilisha jina tu.

Jumamosi, 20 Aprili, Kampala

Nimetoka mtihanini. Kipepeo hakuja. Wamekuja kumbikumbi!

Mimi, mtoto wa Masaba, naulizwa habari za kumbikumbi! Jibu la Nasifu nililitupa palepale. La nini? Nimekulia juu ya kichuguu.

Ila mchoro wao ulikuwa na makosa. Mvua inanyesha, kumbikumbi wanatoka, wanaruka, mabawa yanadondoka, jike na dume wanachimba makao mapya. Mshale, mshale, mshale. Uongo mtupu. Kwanza, mvua si lazima. Kwetu tunafunika kichuguu kwa matawi na turubai, tunanyunyiza maji kidogo, kisha tunagonga vijiti juu ya ubao, ko-ko-ko-ko, nao wanadhani mvua imefika. Wanatoka wenyewe mchana kweupe na kutumbukia katika shimo tulilowachimbia. Pili, ni kumbikumbi gani wa Busia anayefika kuchimba makao mapya? Anafika kikaangoni. Nimeyaandika yote hayo, maneno mia mbili na arobaini, na ule mshale wa mwisho nikasema wazi kwamba una kosa.

Nje nimekutana na Adeke. Mama yake anauza kumbikumbi soko la Nagongera, kwa hiyo nikamuuliza kama ametaja vijiti.

"Vijiti haikuwa kwa mchoro," akasema.

Nikamwonea huruma. Hivyo ndivyo watu wanavyoanguka.

Ijumaa, 3 Mei

Kusikiliza, saba. Kusoma, sita na nusu. Kuongea, saba. Kuandika, nne na nusu.

Adeke kuandika, saba.

Nimekwenda kwa Nasifu kumshika shati. Akasema yeye aliahidi mdudu, na mdudu alikuja.

Jumatatu, 6 Mei

Barua ya Uskoti imefika. Nafasi amepewa Adeke. Imeniuma, sitaficha. Nimemsikia ukutani akimpigia mama yake simu, anacheka na kulia pamoja, na mimi upande huu nikalia bila kucheka.

Baadaye akabisha hodi. Hakuringa hata kidogo. Amenipa daftari lake lenye michoro yote, mto na chura na mingine. Akasema, "Kaka Oguttu, wewe andika tu kile unaona." Nimelipokea kwa mikono miwili. Nimelikunja nikaliweka chini ya mguu wa meza, meza imeacha kuyumba.

Nikakaa mezani, nikafikiri kama mtu mzima. Kumbe nilifanyia mtihani upande usiofaa! Nani Busia asiyejua kwamba mzigo ukikataliwa geti hili, unazungushwa unapita kwingine? Nimejiandikisha Kisumu, mwezi wa Julai. Adeke anasema karatasi zote husahihishwa na watu walewale. Ni nesi, atajua nini kuhusu mipaka? Wakenya nao wanakula kumbikumbi. Watanielewa.

Na kosa langu nimeliona, nalikubali: sikueleza vya kutosha. Kumbikumbi wakija tena, nitaandika mpaka kiasi cha chumvi ya kuwakaangia.