Ndoa Ishirini na Moja, Talaka Ishirini na Moja

Jumatatu, 4 Desemba

Kikao kwa Meya saa mbili asubuhi. Hata kahawa hakuna. Ukutani amebandika mchoro wa mistari miwili: wa kijani ndoa, mwekundu talaka. Mwaka jana wa kijani ulikuwa juu. Mwaka huu imegusana. Ndoa ishirini na moja, talaka ishirini na moja! Akasema gazeti la mkoa limeshapiga simu mara mbili, na kwamba Măcrișeni haitakuwa mji wa kuachana maadamu yeye ndiye meya. (Yeye ameachana mara mbili, ila alikwenda kuachania mji mkuu.)

Kisha akanigeukia mimi. Kwani mimi ndiye ninayegombana nao? Miaka kumi na tisa nimekuwa msajili wa mji huu. Chumba kilekile, meza ileile: asubuhi nafungisha ndoa, mchana naivunja. Nasoma karatasi tu! Akasema mstari mwekundu ukipita wa kijani kabla mwaka haujaisha, skafu ya rangi tatu za bendera ninayovaa nikifungisha ndoa ataivaa Eufrosina, na mimi nitahamia daftari la kilimo kuhesabu kuku.

Eufrosina ndiye anayehesabu kuku sasa. Alitabasamu. Nilimwona.

Skafu yangu! Nikiivaa begani hata wanaonidharau husimama wima. Wakati wa chakula mke wangu Smaranda alisema ana jambo la kuzungumza. Nikamwambia baada ya tarehe thelathini na moja.

Jumanne, 5 Desemba

Nimepekua mafaili yote. Desemba haoi mtu. Ni mfungo wa Krismasi, mapadri hawafungishi, na bibi harusi gani anataka karamu ya maharage bila nyama? Hatari ni moja tu: Sandu na Veta Ursache, walioomba talaka mwezi uliopita. Sheria inawapa siku thelathini za kufikiri. Siku yao ni tarehe ishirini. Lazima waje wote wawili waniambie kwa vinywa vyao kwamba bado wanataka. Mmoja asipotokea, faili linafungwa.

Mmoja asipotokea! Nimepigia mstari mara tatu.

Smaranda alipita ofisini na karatasi ya kusaini. Nilikuwa na rundo linalofika kidevuni. Nikasaini, nikagonga muhuri, na kwa mazoea nikamwambia "Nyumba ya mawe!", maneno tunayowatakia maharusi, ndoa isimame isibomoke. Hakucheka. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akaenda zake. Fomu ya mita ya maji, nadhani.

Ijumaa, 8 Desemba

Mimi ni kichwa! Tudorel wa matairi na Aspazia wanaishi pamoja miaka kumi na minne bila cheti. Nimekwenda kwao na keki. Nikawaeleza habari za urithi, pensheni, na aibu ya kufa kila mtu kivyake. Wamesaini ombi palepale juu ya kitambaa cha meza. Siku kumi za kusubiri, kisha ndoa ya ishirini na mbili. Nimempitia Eufrosina nikipiga mluzi.

Jumanne, 12 Desemba

Balaa. Wamegombania wasimamizi wa ndoa. Tudorel anamtaka bosi wake, Aspazia anamtaka dada yake. Bosi aliitwa tapeli, dada akaitwa chura. Aspazia amehamia kwa mama yake na mashine ya kufulia.

Tudorel alikuja ofisini akitoa macho. Akasema, "Bwana Pamfil, tuliishi kwa raha zetu mpaka ulipotuingiza kwenye ndoa!" Nikamwambia sijawafungisha bado. Akasema, "Ndiyo hapo sasa! Bado, na tumeshaachana!"

Faraja ni kwamba haiingii kwenye mstari mwekundu. Eufrosina ameniuliza kama najua kutofautisha mtetea na jogoo.

Nyumbani nusu ya kabati iko tupu. Smaranda amesema anapanga vitu. Vizuri sana, skafu ilikuwa inakunjamana.

Jumatatu, 18 Desemba

Sijalala vizuri tangu Ijumaa. Natembea sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia (tayari nawaza kuku!). Smaranda aliniomba nikae chini. Nikamwambia miguu ndiyo inayonisaidia kufikiri.

Na imefikiri! Kwenye harusi zetu vijana humwiba bibi harusi katikati ya karamu, na bwana harusi humkomboa. Hakuna anayekasirika. Hata polisi hucheka. Basi keshokutwa asubuhi nitamwiba Veta Ursache! Hatatokea, faili linafungwa, sheria imeheshimiwa na desturi pia. Mitruț mpiga kodiani amekubali. Aliuliza tu kama wanaoachana nao huibwa. Nikamwambia hakuna palipokatazwa.

Jumatano, 20 Desemba

Tumefaulu! Nina matope hadi magotini, ila tumefaulu.

Saa tatu mimi, Mitruț na shemeji zake wawili tulimnyakua Veta nje ya duka la mikate. Hakupiga kelele. Aliuliza kama tuna wazimu, kisha akatuambia tumshikie mkate usilowe. Tukamketisha jukwaani katika jumba la utamaduni, Mitruț akapiga nyimbo zote za harusi anazozijua. Veta akasema mara ya mwisho kuibwa alivaa viatu vya kubana, na Sandu alikuja mbio mpaka akaanguka ngazini.

Saa nne, saa yao ya talaka, ikapita. Nilichungulia dirishani roho juu. Eufrosina alinipigia simu mara tisa.

Saa tano na nusu akatokea Sandu, aproni imejaa damu, kisu mkononi. Nikaingia nyuma ya pazia. Kumbe leo ni siku ya Mtakatifu Ignati, kila ua unachinja nguruwe wa Krismasi, na alikuwa akimsaidia jirani. Akanguruma, mpumbavu gani kamwiba mke wake! Mke wake! Nilisikia kwa masikio yangu. Mitruț akamwambia desturi ni desturi, mke hatoki bila fidia, na fidia ya leo ni neno mbele ya watu.

Sandu aliweka kisu juu ya kiti. Akasema, "Veta, turudi nyumbani bwana. Maji yamechemka, na nguruwe wetu hajui kama tunaachana."

Veta akacheka, akalia, akacheka tena. Akamwambia, si angesema hivyo tangu kiangazi. Wakaondoka wameshikana mikono. "Nyumba ya mawe!" nikapiga kelele nyuma ya pazia.

Maneno machache tu! Bila mpango wangu yangesemwa lini?

Smaranda alishasikia yote kabla sijavua viatu. Akasema nimehangaika nusu siku kwa ajili ya mke wa Sandu, na yeye ananisubiri tangu tarehe nne. Nikamwambia zimebaki siku kumi na moja.

Ijumaa, 29 Desemba

Siku ya mwisho ya kazi. Ishirini na moja kwa ishirini na moja! Meya amenipa mkono na soseji. Skafu ni yangu!

Saa nane Eufrosina aliingia na ratiba ya Januari. Nilijiandaa kumcheka. Hakunitazama machoni. Aliweka fomu mezani, akavua miwani. Tarehe nne Januari, saa nne asubuhi: Burduja Smaranda na Burduja Pamfil, talaka kwa makubaliano. Sahihi yangu. Muhuri wangu. Mita ya maji!

Miaka ishirini na sita ya ndoa! Nililia kidogo, Eufrosina akafunga mlango ili Meya asione.

Nilipopata nguvu nikakumbuka mambo mawili. Kwanza, ni ya mwaka ujao, mstari wa mwaka huu haujaguswa. Pili, mmoja asipotokea faili linafungwa. Basi sitokei! Lakini msajili ni mimi, nisipotokea nimemwaga unga. Eufrosina akasema kwa upole kwamba siku hiyo atashika nafasi yangu. Nikamwambia kwenye talaka skafu haivaliwi. Akasema atavaa hivyohivyo.

Nilikwenda kwa dada yake Smaranda, ambako yuko tangu Krismasi, nikidhani anasaidia kuoka. Alifungua mlango mwenyewe. Akasema, bila hasira, kwamba hataki maua wala maelezo. Nikitaka arudi nimwombe tu, palepale mlangoni, na fomu ataichana. Akasubiri. Koti lake lilikuwa kwenye msumari, karibu na mkono wake.

Nimwombe tu! Kama watu wasio na mpango! Nikamtakia mwaka mpya mwema, nikala kona kabla hajashuku kitu.

Mitruț amekubali. Tarehe nne, saa tatu, nje ya duka la mikate.